Pumzi Moja Hadi Ukutani

Watu wa Kyebando walikuwa wameshawazoea. Kila asubuhi, maduka ya pale senta yakiwa bado yamefungwa, Travis na Lamwaka walipita wakikimbia, Travis mbele na begi la mchanga mgongoni, Lamwaka nyuma yake akihema kwa mdomo, wakashika njia ya Ntinda kando ya barabara ya bypass. Waendesha boda waliwaita wanajeshi. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga chapati aliwauliza siku moja kama wanajiandaa kupelekwa Somalia. Travis alimwambia wanajiandaa kwenda kuhudumia nguva, na alipoona haelewi akamweleza kwamba ni mnyama wa baharini, mkubwa kama ng'ombe, anayekula majani. Yule mama akasema ng'ombe wapo hata hapa Kyebando, ya nini kuwafuata baharini. Travis alicheka mpaka akashindwa kukimbia.

Lamwaka alikuwa binti wa Mzee Okullo, sajenti mstaafu wa polisi, Mwacholi aliyetumia nusu ya maisha yake katika kambi za polisi za Kampala na kulea watoto wake humo kwa Kiswahili, kisha akahamia Kyebando alipostaafu. Mama yake Lamwaka alikuwa Mwislamu wa kutoka Yumbe, na ndugu zake wengi waliishi Kibuli, chini kidogo ya msikiti. Travis yeye alikuwa mtoto pekee wa Nabangala, mjane wa kutoka Bungoma aliyevuka mpaka wa Malaba zamani akiwa na mtoto mgongoni, akafungua duka la mashuka na mapazia pale pale Kyebando. Watoto hao wawili walikutana chuo kikuu, wote wakisomea udaktari wa wanyama. Kumbe nyumba zao zilikuwa zimetenganishwa na mtaro mmoja tu.

Mwaka wa mwisho walipelekwa pwani ya Kenya kwa mafunzo, na huko ndiko jambo lao lilikoanzia. Asubuhi moja waliitwa kusaidia kumwokoa kasa aliyenaswa na nyavu. Lamwaka alipewa kumshika upande wa mbele, maji yakimfika kifuani, huku daktari akikata nyuzi zilizokuwa zimemzama shingoni. Wimbi lilikuja, likaja lingine, mikono yake ikaanza kutetemeka, na kabla daktari hajamaliza ikamwachia. Travis ndiye aliyeruka akamdaka yule kasa. Mnyama alipona. Lakini katika basi la kurudi Kampala walipopita Eldoret Lamwaka alisema kwamba alikuwa amesoma miaka mitano na mikono yake haikujua. Travis alimjibu kwamba mikono inafundishika.

Kwa hiyo kituo kimoja cha kuokoa wanyama wa baharini huko huko pwani kilipotangaza kwamba kinatafuta madaktari vijana wawili, hawakuulizana mara mbili. Masharti yalikuwa magumu. Vyeti havikutosha. Mwombaji alitakiwa aogelee mwendo mrefu bila kupumzika, abebe machela yenye mzigo wa kilo nyingi akiwa na mwenzake, na avuke bwawa chini ya maji kwa pumzi moja mpaka aguse ukuta wa pili. Kwa kuwa waombaji kutoka Uganda walikuwa wengi, mtahini angekuja mwenyewe Kampala mwezi wa tisa.

Walimpata wa kuwafundisha, Kocha Oketch, Mjaluo mmoja mpole aliyewahi kuwa baharia katika jeshi la wanamaji la Kenya kabla hajaja Kampala kutafuta maisha. Alikuwa akitunza bwawa la hoteli moja ndogo Ntinda na kuwafundisha watoto wa shule kuogelea. Alipowasikia wanataka nini akawaambia wavue viatu.

Kwa miezi mingi walikuwa mikononi mwake. Asubuhi walikimbia, jioni baada ya kazi waliingia majini. Lamwaka alikuwa akitibu mbwa na paka katika zahanati moja ya Ntinda. Travis aliuza dawa za mifugo mjini. Siku za mapumziko Kocha aliwatandikia turubai penye nyasi, akaweka juu yake magunia ya mchanga yaliyoloweshwa, akawaamuru wabebe kuzunguka bwawa bila kutikisa, kwa sababu, alisema, nguva akitikiswa anaumia ndani na wewe huoni. Viganja vya Lamwaka vilitoa malengelenge, vikapasuka, vikawa vigumu kama vya mchimba mitaro. Mama yake aliviona akasikitika, akauliza ni mume gani atakayetaka kushikwa na mikono hiyo. Travis alikuwepo, amekaa mlangoni na kikombe cha chai. Akasema yupo mmoja hajalalamika. Mzee Okullo alijifanya anasikiliza redio.

Mzee hakuwa amelipenda jambo hilo mwanzoni. Alikuwa mtu wa nchi kavu, na kwake bahari ilikuwa mahali pa kupotelea. Lakini alikuwa pia askari, na hakuna kitu kilichomfurahisha kama mtu anayeamka mapema bila kuamshwa. Taratibu alianza kuwasindikiza hadi barabarani, fimbo mkononi, akiwahesabia hatua kwa sauti ya kwata. Naye Nabangala aliwachemshia mayai na viazi vitamu, wakirudi wanakuta sahani zimefunikwa. Hata mara moja hakuwahi kwenda kuwaona bwawani. Alisema akimwona mwanawe anazama atapiga kelele hata kama anajua atatoka.

Kila mmoja alikuwa na upungufu wake. Lamwaka alikuwa dhaifu wa mikono, na Travis akamjenga, siku kwa siku, gunia kwa gunia. Travis alikuwa na nguvu za kubeba watu wawili, ila pumzi yake ilikuwa fupi. Lamwaka alivuka bwawa chini ya maji kana kwamba anatembea sebuleni kwao. Akigusa ukuta aliibuka ametulia. Travis alifika karibu, pengine ukuta ukiwa mbali naye kama urefu wa mkeka, halafu mwili ukamkatalia, akaibuka akikohoa. Lamwaka alimfundisha kuogelea polepole, kulegeza shingo, kuacha kuuwaza ukuta. Ilisaidia kidogo tu.

Mwezi wa nane Travis alikuja na mbinu aliyoiona kwenye simu. Kabla ya kuzama alivuta pumzi haraka haraka, nyingi, kama mbwa aliyekimbizwa, kisha akaingia, na siku hiyo kwa mara ya kwanza aligusa ukuta. Alitoka anacheka, midomo imebadilika rangi. Kocha Oketch hakucheka. Aliwatoa wote wawili majini, akawakalisha kwenye saruji, akawaambia jambo ambalo Lamwaka angelikumbuka neno kwa neno.

“Hiyo pumzi ya haraka haikuongezei hewa. Inamnyamazisha yule anayekuambia toka. Husikii kiu ya hewa, husikii uchungu, unalala tu. Na ndani ya maji hakuna mtu wa kukuamsha.”

Akasema aliwahi kumtoa majini baharia mwenzake aliyekufa hivyo, kijana mwenye nguvu kuliko wote melini. Akawakataza mbinu ile moja kwa moja. Akawakataza pia kuzuia pumzi mtu akiwa peke yake, hata mara moja, hata penye maji ya magotini. Travis aliitikia. Alikuwa mtu wa kuitikia kwa heshima, na Lamwaka aliamini.

Juma la mwisho la mwezi huo Travis aliushindwa ukuta kila siku. Hakusema mengi, ila alianza kuzungumza juu ya Lamwaka kwenda peke yake, jinsi atakavyomtumia picha, jinsi yeye atakavyojaribu tena mwaka ujao. Alisema kwa mzaha, na mzaha wenyewe haukuwa na kicheko. Ijumaa jioni alimpigia simu, akamwomba waende bwawani kesho yake asubuhi, wajaribu mara moja tu. Lamwaka alimkumbusha kwamba kesho ni nikahi ya binamu yake Kibuli, na kwamba Kocha naye amekwenda Busia kwenye msiba. Akamwambia apumzike, mwili uliochoka hauna pumzi.

“Jumatatu tutaingia wote,” alisema. “Nitakuwa pale ukutani nakusubiri.”

“Sawa,” Travis alisema. “Jumatatu.”

Kisha akamuuliza kama tayari amepakwa hina. Lamwaka akasema ndiyo, mpaka kwenye viwiko, na sasa hawezi kushika kitu. Wakaagana hivyo.

Jumamosi ile msikiti wa Kibuli ulijaa. Lamwaka alikaa na wanawake, amevaa gauni la kijani alilokopeshwa na shangazi, simu ameizima ndani ya mkoba. Walipotoka nje kupiga picha aliiwasha, na ikaanza kutetemeka na haikuacha. Namba nyingi zilikuwa za watu asiowajua. Moja ilikuwa ya Kocha.

Yaliyotokea aliyajua baadaye, kwa vipande. Travis alikuwa amefika bwawani mapema. Mlinzi, kijana aliyeitwa Abdul-Latif, alimfungulia kwa sababu alimfungulia kila siku. Alimwona akiogelea kawaida, akamwona ameshika ukingo anahema haraka haraka, akadhani anapumzika. Gari la soda lilipiga honi langoni, akaenda kulifungulia. Aliporudi maji yalikuwa yametulia na hapakuwa na mtu. Alifikiri Travis ameingia kuoga. Alipita ukingoni akielekea vyumbani, na hapo ndipo alipomwona chini, karibu na ukuta wa pili, amelala kifudifudi. Abdul-Latif hakujua kuogelea. Alipiga mayowe mpaka dereva wa gari la soda akaruka na nguo zake. Walimtoa, wakambonyeza kifua kwa kadiri walivyojua, wakampakia katika gari lile lile juu ya kreti. Hospitalini walisema alifika akiwa amekwisha fariki.

Lamwaka aliletwa na boda kutoka Kibuli, mtandio umemdondoka njiani. Alimkuta Nabangala amekaa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, kiatu kimoja hakipo. Alitaka kumshika. Nabangala aliiangalia ile mikono yenye maua ya hina, akainua uso.

“Kwani wewe leo ulikuwa wapi?”

Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira Lamwaka angeweza kujibu. Aliuliza kama mtu ambaye kweli anataka kujua, na Lamwaka akasimama pale na gauni lake la sherehe mpaka Mzee Okullo alipofika akamkalisha chini.

Walimpeleka Travis Bungoma kumzika. Mzee Okullo alikwenda nao, amevaa sare yake ya zamani, kwa kuwa alisema hajui nguo nyingine ya kumuagia kijana yule. Kwa watu wa Bungoma Lamwaka hakuwa kitu. Posa ilikuwa imezungumzwa tu mlangoni na vikombe vya chai. Wakati ndugu walipoitwa karibu na kaburi alibaki nyuma na wageni kutoka Kampala, na hakuna aliyemfukuza wala aliyemwita. Kocha Oketch alisimama kando yake. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile. Jeneza lilipoteremshwa alisema kwa sauti ya chini kwamba aliufunga mlango wa hatari kwa maneno tu, na maneno hayana kufuli. Lamwaka alitaka kumwambia si kosa lake, akaona kwamba na yeye angehitaji mtu wa kumwambia hivyo, na hakuna kati yao ambaye angeamini.

Waliporudi Kampala aliacha kukimbia. Alitibu mbwa zake, akarudi nyumbani, akalala. Hata kunawa uso alinawa kwa kiganja kilicholowa, kwa sababu maji yakimfunika pua moyo ulimwenda mbio. Mtahini alikuja mwezi wa tisa, akapima watu, akaondoka. Kituo kilikuwa kimesikia habari, kikamwandikia kwamba kitaendelea kumngojea mpaka mwisho wa mwaka akitaka. Hakujibu. Baba yake hakumsukuma. Ila kila alfajiri alimsikia mzee anatoka, anasimama barabarani pale alipokuwa akiwahesabia, anakaa kidogo, anarudi ndani.

Nabangala alifunga duka kwa muda mrefu. Lamwaka aliyaona mashuka yamebaki yameanikwa dirishani mpaka jua likayapausha upande mmoja. Alipita mtaro mara nyingi, akafika mlangoni, akarudi. Lile swali lilikuwa bado halijajibiwa, na alijua jibu lake ni fupi na halifai kitu: nilikuwa harusini.

Mwezi wa kumi Nabangala mwenyewe alivuka mtaro. Alimkuta Lamwaka anafua. Hakukaa. Alimwambia anataka kupelekwa kwenye lile bwawa, na hataki kupelekwa na mtu mwingine.

Walikwenda kwa miguu, njia ile ile, polepole kwa sababu ya magoti ya mama. Abdul-Latif alipowaona aliinuka, akafungua lango, akaenda kukaa mbali na kujifunika uso na kofia. Kocha hakuwepo, aliacha kazi ile wiki ile ile ya mazishi. Bwawa lilikuwa safi na halina mtu, maji ya buluu, dogo kuliko lilivyokuwa katika kumbukumbu ya Lamwaka. Nabangala alizunguka ukingo wake wote. Akauliza ni wapi, na Lamwaka akamwonyesha. Alisimama juu ya mahali pale kwa muda mrefu akitazama chini, mkoba ameukumbatia.

“Alikuwa anatafuta nini humu?” aliuliza. “Aliniambia wanyama. Sioni mnyama.”

Lamwaka alimweleza. Alimweleza yote ambayo mama yule alikuwa ameyalisha mayai na viazi bila kuyajua: kasa anavyonaswa, anavyochoka, kwamba ni lazima apande juu avute hewa kama sisi na nyavu zikimshikilia chini anakufa, kwamba nguva naye ni hivyo hivyo, na anayetaka kuwakata nyavu hizo lazima awe na pumzi ya kukaa chini muda mrefu kuliko hofu yao. Kwamba Travis aliweza kila kitu isipokuwa hicho. Kwamba alimwomba waje pamoja na yeye akasema Jumatatu. Alilisema hilo la mwisho akiangalia saruji.

Nabangala aliendelea kutazama maji. Hakumwambia amemsamehe, wala hakusema hakuna cha kusamehe. Alisema kwamba kila siku anamwona mwanawe ndani ya maji, na kwa kuwa hajawahi kuona mtu akifanya jambo lile, anamwona vibaya, anamwona akipigana. Anataka kuona lilivyokuwa.

“Ingia,” alisema. “Nionyeshe alivyokuwa anafanya.”

Lamwaka alimwambia hawezi. Akamwambia tangu siku ile hata beseni linamtisha. Nabangala alimtazama tu, na Lamwaka akaona kwamba mama huyu, aliyekuwa hajawahi kuja bwawani kwa woga, amekuja. Alivua viatu. Aliingia na nguo zake, ngazi kwa ngazi, maji yakampanda, na mwili wake wote ulitaka kurudi. Alishika ukingo mpaka pumzi ikatulia. Kisha akavuta hewa mara moja, taratibu, kama alivyofundishwa, akaweka uso ndani, akajisukuma.

Chini kulikuwa kimya. Aliona vigae vinapita. Alitembeza mikono polepole, akalegeza shingo, na kwa muda kidogo mwili wake ulikumbuka kila kitu, ukampeleka wenyewe. Katikati ya bwawa alisikia sauti kutoka juu, nzito, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya jirani. Aliibuka. Nabangala alikuwa amepiga magoti ukingoni, mkono mmoja ndani ya maji hadi begani, mkoba unaelea.

“Toka,” alikuwa akisema. “Toka, mwanangu. Nimeona. Inatosha, toka.”

Lamwaka aliogelea mpaka kwake. Nabangala alimvuta kwa nguo, akamshika kichwa kilicholowa, akamkumbatia hapo hapo kwenye saruji, na wakalia kwa mara ya kwanza pamoja, mama akimpapasa uso kila mara kana kwamba anahakikisha anahema. Abdul-Latif alileta taulo, akaliweka karibu nao, akaondoka.

Baada ya hapo Lamwaka alianza tena kukimbia. Hakuweza kueleza kwa nini. Baba yake alimwona amefunga viatu, akachukua fimbo yake, akamfuata hadi barabarani, na hakuhesabu hatua, alisimama tu. Mwisho wa mwaka mtahini alipita tena Kampala kwa ajili yake na wengine wachache. Lamwaka aliogelea ule mwendo mrefu bila shida. Alibeba machela na kijana mmoja wa Jinja ambaye hakumjua, na mikono haikutetemeka. Ilipofika zamu ya kuzama, alivuka zaidi ya nusu, hewa bado anayo ya kutosha, ukuta anauona mbele yake umesimama wazi. Akaibuka. Mtahini alimuuliza kama anataka kujaribu tena. Alisema hapana.

Walimchukua hata hivyo, lakini kwa kazi ya nchi kavu: matangi ya wanyama wagonjwa, ambako maji hayamzidi mtu urefu. Kazi ya kuzama walipewa wengine wawili. Lamwaka alikubali. Alipokwenda kuaga, Nabangala alikuwa amefungua duka tena. Alimpa jozi ya mashuka, akamwonya juu ya joto la pwani, na kumtaka ampigie kila Jumapili baada ya ibada.

Alimpigia. Yalikuwa mazungumzo mafupi. Nabangala aliuliza habari za chakula, za usingizi, kisha kila mara aliuliza swali lile lile, wiki hii maji yalifika wapi, na Lamwaka alijibu kiunoni, mama, na Nabangala alisema vizuri.

Mwaka uliofuata, siku moja ya upepo, wazamiaji wote wawili wakiwa mbali, wavuvi walikuja mbio kusema kuna nguva jike na mtoto wake wamenaswa nyuma ya mwamba. Lamwaka alikwenda kwa boti kama msaidizi. Nyavu zilikuwa chini. Hapakuwa na mtu mwingine. Hakukumbuka kuamua. Alikumbuka kisu mkononi, giza la kijani, ngozi laini ya mnyama ikimgusa shavu, na kwamba alishuka na kupanda mara nyingi, kila mara akiacha pumzi itulie kwanza. Mtoto walimkuta amekwisha kufa. Mama yake alitoka. Alizunguka boti mara kadhaa akitafuta, kisha akaenda. Lamwaka alijilaza kwenye mbao za boti, akalia kwa sauti mbele ya wavuvi, na wao wakatazama pembeni.

Jumapili alipiga simu. Nabangala aliuliza habari za chakula, za usingizi. Kisha akauliza maji yalifika wapi.

“Kiunoni, mama,” Lamwaka alisema.

Safari hii Nabangala hakusema vizuri. Kwa nyuma Lamwaka alisikia Kyebando, pikipiki, mtu anauliza bei ya pazia.

“Alitoka mzima?” Nabangala aliuliza.

“Nani, mama?”

“Huyo uliyemfuata.”

Lamwaka alifumba macho. “Mmoja alitoka,” alisema.

Nabangala hakuuliza zaidi. Alianza kulia taratibu, na Lamwaka akabaki na simu sikioni, akimsikiliza, mpaka mteja alipoingia dukani na mama akasema ngoja kwanza, nitakupigia.